Njia isiyo kwenye ramani ni rahisi kunyakuliwa

Binti ya kaka yangu ana miaka 12 na amezaliwa Nairobi, lakini hadi mwezi uliopita hakuwahi kuingia msitu wa Karura. Tulipofika getini nilimkabidhi ramani ya karatasi, nikaitia simu mkobani, nikamwambia leo yeye ndiye anayetuongoza hadi kwenye maporomoko ya maji.

Njia panda za Karura zina nguzo zenye namba, na namba zile zile zimechapishwa kwenye ramani. Nguzo za mwanzo alizipita kwa kubahatisha. Kwenye moja, karibu na mto, akakwama. Aliigeuza karatasi mara tatu, akakunja uso, akaitazama njia ya kulia, kisha ya kushoto. Halafu akasikia maji. Akaweka kidole kwenye mstari wa buluu, akaizungusha ramani polepole mpaka mto wa karatasi ukaelekea upande ule mlio ulikotoka. "Shangazi, tuko hapa. Mto ule pale, kwa hivyo tunapita huku." Alikuwa sahihi. Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa kumfuata, naye hakunisubiri.

Kila mara nasikia watu wakisema Nairobi haina pa kutembea ila madukani. Sikubaliani nao hata kidogo. Karura peke yake ina zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji. Arboretum, bustani ya miti, ipo tangu 1907, ilipoanzishwa ili kujaribia miti ya kuni za garimoshi, na ukitoka katikati ya mji unafika kwa miguu. Kuna City Park, kuna msitu wa Ngong Road. Tunachokosa ni mazoea ya kuzitafuta sehemu hizi. Ramani tunazozitumia kwenye simu tumezizoea kwa sababu ya gari: foleni iko wapi, petroli iko wapi. Msitu tunauona kama doa la kijani la kuzungukwa.

Kwa mtembeaji, mimi napendekeza OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea anachokijua. Programu kama Organic Maps hukuwezesha kuipakua ukiwa nyumbani, na ukishaingia msituni huhitaji bando wala mtandao. Kijia kinachopitika kwa miguu tu huonekana kama mstari mwembamba wa vidoti. Nimefika sehemu nyingi za jiji hili kwa kufuata vidoti hivyo.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuzing'ang'ania ramani si matembezi peke yake.

Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa za Karura, msitu uliotangazwa kuwa hifadhi tangu 1932, zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili zijengwe. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale pale palipofyekwa, na tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa, yeye akapigwa kichwani hadi akavuja damu. Msitu ulibaki. Ninapopita pale huwa nawaza jambo moja: mnyakuzi wa ardhi huanza na ramani. Kabla trekta halijafika, mahali fulani mtu ameshakaa mezani akachora mistari, akagawa vipande, akavipa namba. Yeye anayo karatasi, na sisi tunaopita pale kila siku tuna kumbukumbu tu.

Hili nimeliona kwa macho yangu mtaani kwetu. Kuna kijia kando ya mto ambacho akina mama wanaouza mboga hukipitia alfajiri na watoto hukipitia kwenda shule. Hakikuwa kwenye ramani yoyote. Miaka miwili iliyopita nilikitembea chote na simu ikirekodi kila hatua, nikaweka alama kwenye mkuyu mkubwa na kwenye kivuko cha mawe, jioni nikakiingiza OpenStreetMap. Ilinichukua kama saa moja. Mwaka jana mtu akaja na mabati, akakifunga katikati. Kwenye baraza alisema pale hapajawahi kuwa na njia. Jirani yangu mmoja, mzee mtaratibu asiyependa makelele, akasimama na karatasi tuliyochapisha, yenye kijia, mkuyu, kivuko na tarehe kilipoingizwa. Akasema, "Mheshimiwa, naomba uitazame hii." Suala bado halijaisha. Ila mabati yamesogezwa kiasi cha mtu kupita na ndoo, na anayetaka kuyarudisha atalazimika kwanza kuijibu karatasi ile.

Ndiyo maana nawasihi wanaotembea: mkipita kijia kisichochorwa, kichoreni. Andikeni chemchemi, andikeni daraja la miti, andikeni mahali panapojaa matope mvua za masika zikianza. Ni kazi ndogo, na anayeifahamu njia ndiye anayeweza kuifanya vizuri.

Safari yetu ijayo ni milima ya Ngong. Kule tutaomba askari wa msitu atusindikize, kwa sababu usalama hausomeki kwenye ramani. Nilimletea yule binti ramani ya karatasi ya skeli ya 1:50,000, yaani sentimita moja ni nusu kilomita, nikamwonyesha jinsi kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zinavyobanana upande wa magharibi, ambako mlima unaporomoka kuelekea Bonde la Ufa, na zinavyoachana upande wa pili. Alikaa nayo sakafuni jioni nzima, akipitisha penseli juu ya mgongo wa milima hadi kwenye kilele cha mita 2,460. Vilele amehesabu saba. Sasa anataka tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, na amesema ramani ataishika yeye.