Mfereji Mmoja Juu ya Saiwa

Nimerudi mjini tangu Jumapili jioni na hasira bado haijaniisha, kwa hiyo wacha niandike.

Jumamosi asubuhi niliteremka chini ya shamba letu kuangalia nduma za mama. Nikakuta mfereji mpya. Umechimbwa kwa jembe na sepetu, umenyooka kama uzi, upana wa hatua moja, kina cha kufika magotini, umekata matete kuanzia mpaka wa jirani mpaka mtoni. Udongo uliotolewa ulikuwa umelazwa kando, mweusi tii, bado una ile harufu ya kinamasi kilichofunuliwa. Juu yake vyura wadogo walikuwa wanarukaruka wakitafuta maji yaliyokuwapo jana. Na ndani ya mfereji maji yalikuwa yanakimbia. Hapo ndipo moyo uliponiuma. Maji ya kinamasi hayakimbii. Yanakaa, yanajivuta polepole kati ya mizizi, ukitumbukiza jani unaweza kwenda kunywa chai na kurudi ulikute palepale.

Jirani alikuwa amesimama ng'ambo, miguu mitupu, suruali ameikunja. Nikamsalimia, nikamuuliza kulikoni.

"Mwalimu, hapo ni pangu," akasema. "Nataka kuweka maharagwe kabla mvua haijaanza. Na nyinyi wenu mlichimba zamani. Nani aliwauliza?"

Sikumjibu, kwa sababu alisema kweli. Nitarudi kwenye hilo.

Kilomita chache chini ya mfereji huo ndiko iliko Saiwa. Ni mbuga ya taifa tangu 1974, ndogo kuliko zote Kenya, kilomita za mraba 3 hivi. Kwa hesabu yetu ya mashamba ni kama ekari 740. Kuna mashamba ya mahindi hapa Trans Nzoia yanayoizidi kwa mbali. Tsavo Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Ndiyo maana mtu akisikia habari za Saiwa swali lake la kwanza ni kama kuna simba, na akiambiwa hakuna, mazungumzo yanaishia hapo. Mimi humwambia aende alfajiri, kwa miguu, maana gari haliingii, avuke daraja la mbao, apande ulingo, akae kimya.

Mwaka juzi nilimpeleka binti yangu. Ana miaka tisa na hajawahi kunyamaza dakika tano mfululizo. Tulipanda ulingo bado kuna giza kidogo, ukungu umelala juu ya matete kama moshi wa jikoni asubuhi. Tukangoja. Nyuma yetu kalasinga walianza kutikisa matawi, wale tumbili wenye ndevu nyeupe, mmoja akatuangalia kwa muda mrefu kisha akaendelea na shughuli zake. Halafu binti yangu akanishika mkono akaniminya. Chini yetu, hatua ishirini hivi, matete yalikuwa yanasogea bila upepo. Akatokea nzohe jike, swala wa kinamasini, rangi ya udongo mwekundu, mistari myeupe mgongoni, manyoya yameloa yamegandana. Nyuma yake ndama. Alikuwa anatembea ndani ya maji ya kufika tumboni kwa namna ambayo ng'ombe wetu wangezama. Kila akiinua mguu ulisikia matope yanauachia, *chwap*, kisha kimya, kisha *chwap*. Akasimama, masikio yakageuka upande wetu, akazama kidogo kidogo mpaka tukabaki kuona pua na macho tu. Ndama yake alikuwa ameshapotea. Binti yangu alikaa kimya mpaka tunafika barabarani, na alipofungua mdomo aliuliza: "Maji yakiisha ataenda wapi?"

Swali hilo la mtoto ndilo swali zima. Ukiangalia kwato za nzohe utaelewa. Ni ndefu, nyembamba, zinaachana zikikanyaga, ili mnyama asizame kwenye matope na mizizi inayoelea. Ndani ya kinamasi hakuna mbwa anayeweza kumkimbiza. Mtoe uweke kwenye uwanja mkavu, kwato zilezile zinamgeuza mlemavu. Anakimbia vibaya, anajikwaa, mbwa wawili wa kijijini wanamtosha. Kwa hiyo kukausha kinamasi ni kumkabidhi nzohe kwa mbwa na kwa mitego ya waya. Mkausha kinamasi hahitaji bunduki. Anahitaji jembe na wiki moja ya kiangazi.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka lisikike. Watu wetu wanadhani Saiwa inalindwa na uzio na askari wa wanyamapori waliopo getini. Uzio hauzuii maji kuondoka. Kinamasi kile ni mto uliopunguza mwendo. Maji yake yanateremka kutoka upande wa milima ya Cherangani, yanapita kwetu kwanza, chini ya mashamba yetu, ndipo yanaingia mbugani. Wale wanyama waliomo ndani wanaishi kwa hisani ya watu walioko juu ambao hata hawajui kwamba wanatoa hisani.

Na angalieni jinsi ardhi yetu ilivyogawanywa. Wazee wetu waliponunua mashamba ya walowezi kwa kuchanga, walikata vipande kuanzia barabarani kwenda chini mtoni, virefu na vyembamba, ili kila familia ipate njia na ipate maji. Ulikuwa mgawanyo wa haki. Lakini maana yake ni kwamba kila boma lilipewa kipande chake cha kinamasi, mita arobaini hapa, mita sitini pale, na kila mmoja kwenye karatasi zake ameandikiwa kwamba ni pake. Kinamasi ambacho ni kimoja, chenye maji mamoja, kina wenyewe mia. Baba amefariki, wanawe wanne wamegawana, vipande vimekuwa vyembamba zaidi, na kila mmoja anakodolea macho ule udongo mweusi wa chini kwa sababu wa juu umechoka na mbolea ya DAP imepanda bei. Mmoja anachimba mtaro. Wa pili anaona maharagwe ya mwenzake, naye anachimba. Hakuna hata mmoja aliyeua kinamasi. Kila mmoja amekausha mita zake arobaini tu.

Hivyo ndivyo nasi tulivyofanya, na hapa ndipo jirani aliponinyamazisha. Marehemu baba alichimba mfereji wetu nikiwa shule ya msingi. Nilibeba udongo kwa karai, nakumbuka uzito wake. Miaka miwili ya kwanza tulipata sukuma wiki kiangazi chote, mama akauza sokoni Kitale, na karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka humo. Siwezi kujifanya sikula matunda ya mfereji ule. Mwaka wa tatu udongo ulianza kupasuka. Chemchemi iliyokuwa chini ya mkuyu, tuliyokuwa tunachota kwa kata bila kuinama sana, ikashuka mpaka mama akawa anasubiri nusu saa debe lijae. Baba akapanda mikaratusi kando, ili apate fito na pesa, na mikaratusi ikamaliza kazi. Ilipofika 2009, marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira, ikatoka amri mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Sisi tuliikata tu. Wanaoujua mti huo wanajua kilichofuata: kisiki kimoja kilitoa machipukizi matano, leo yote ni miti.

Kata ile bado ipo nyumbani, imening'inizwa jikoni. Chemchemi haipo.

Najua nitaambiwa nimeshiba, nakaa mjini, nawafundisha wenye njaa jinsi ya kutolima. Nakubali sehemu yake. Mtu mwenye nusu ekari na watoto watano hawezi kuambiwa aache udongo mzuri ulale kwa ajili ya swala. Kalasinga wanatoka mchana, nzohe usiku, wanaingia kwenye mahindi na maharagwe ya watu walio mpakani, na anayepata hasara hiyo ni mtu wa mpakani, si mimi. Na wanaotuimbia kwamba utalii utatulisha waje watuonyeshe sahani.

Lakini hebu niulizwe mimi mtoto wa mfereji: maharagwe yale yanadumu miaka mingapi? Kwetu ilikuwa miwili. Kinamasi ndicho kilichokuwa kinanywesha mashamba ya juu kiangazi, kwa siri, chini kwa chini. Ukikikausha unalima akiba yako mwenyewe, kisha Februari unapanga foleni ya maji na mitungi.

Halafu kuna walio chini zaidi. Maji ya Saiwa yanaishia mto Nzoia, na Nzoia unaishia Ziwa Viktoria kwa Budalang'i. Kila mvua kubwa ikinyesha huku juu, tunafungua redio na kusikia kingo zimepasuka, watu wanalala shuleni na mifugo yao, choo kimefurika, mtoto hajulikani alipo. Tunasikitika. Tunachanga nguo. Hatuunganishi habari hiyo na mifereji yetu. Kinamasi kilichojaa matete hupokea mvua ya usiku mmoja na kuiachia kwa wiki kadhaa. Mfereji unaipeleka yote asubuhi ileile, pamoja na udongo wa shamba. Sisemi mifereji ya Trans Nzoia ndiyo peke yake inayozamisha Budalang'i. Mvua ni mvua, na milima imekatwa miti. Nasema kila kinamasi tunachokitoboa tunawapelekea wale watu maji yetu kwa haraka zaidi, na hawakutuomba.

Kuhusu korongo taji sitasema mengi, maana nikianza sitamaliza. Ndege yule yuko kwenye bendera ya Uganda. Kwetu yuko kwenye mabua ya mahindi baada ya mavuno, wawili wawili, wakicheza na kurukiana. Kula anakula shambani, ila kiota anakiweka kinamasini, juu ya matete aliyoyalaza katikati ya maji ili mbwa na watoto wasifike. Tangu 2012 ameorodheshwa duniani miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunahesabu kundi mpaka tunachoka. Safari hii kwa siku tatu nilizokaa nyumbani nimeona wawili.

Kuna watu hapa kwetu wasiongoja serikali. Kundi la wanakijiji wa Kipsaina limehangaika miaka mingi na korongo hao na vinamasi vyao, wakawa na vitalu vya miche, wakazungumza na wenye mashamba mmoja mmoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu kinamasi chenye wenyewe mia hakiokolewi na tangazo la gazeti. Kinaokolewa kwa kubisha hodi mia.

Na serikali nayo ifanye yake. Kanuni za maji za 2007 zilitaja kati ya mita 6 na mita 30 za kuachwa kando ya mto. Nani kati yenu amewahi kuona kigingi kimoja kimepigwa mtoni kuonyesha mita hizo zinaanzia wapi? Chifu akiulizwa anapima kwa macho. Nilipiga simu Jumatatu kwa ofisi moja inayohusika, nikaambiwa niandike barua, niambatanishe picha na namba ya shamba la jirani. Sitaandika namba ya shamba la mtu aliyebeba jeneza la baba yangu. Nataka waje wapige vigingi kwenye mashamba yote, letu likiwa la kwanza, ili hakuna anayeonewa na hakuna anayejificha. Na aliyeachia mita zake alipwe kitu: miche ya matunda, punguzo la mbolea, nyuki, chochote ambacho mtu anaweza kukionyesha mkewe jioni.

Kenya ina maeneo 6 kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, ile ya kulinda vinamasi na maziwa, kuanzia Nakuru ya 1990 hadi delta ya Tana ya 2012. Saiwa haimo. Sijali sana orodha. Ningebadilishana nayo kwa vigingi hamsini.

Jumapili kabla ya kuondoka, mimi na ndugu zangu wawili tuliziba mfereji wa baba. Magunia kumi na manne ya udongo, fito za mikaratusi tumezisimika mbele na nyuma. Mama alikaa kwenye kigoda akitutazama, akasema tu, "Nduma zangu msizizamishe." Tukaacha upenyo mdogo upande wa nduma zake. Jirani alikuja mpaka mpakani, akaangalia kwa muda, akauliza kama tumerukwa na akili. Kaka yangu mkubwa akamwambia hapana, tunataka kuona kama ile chemchemi itarudi. Jirani akanyamaza, kisha akasema marehemu mama yake pia alikuwa anachota pale.

Mfereji wake bado uko wazi. Maharagwe atapanda, na sina haki ya kumzuia. Lakini leo asubuhi kaka amepiga simu: nyuma ya magunia yetu maji yamefika kifundo cha mguu, na jirani alipita kuyatazama kabla ya kwenda shamba.