Ufunguo wa Choo Uliozimisha Seva

Chumba cha seva ndicho chenye joto kuliko vyote katika ofisi ile, na Mbeya mwezi wa Julai hiyo ni sababu tosha ya watu wazima kuacha meza zao. Meneja alikuwemo, mhasibu alikuwemo, tarishi alikuwemo, na Mama Chai alikuwa ameshahamishia birika lake mlangoni. Wote walisema wamekuja kumsaidia fundi. Fundi ni mimi.

Ofisi ni ya ushirika wa wakulima, jina tuliache. Seva yao ni Sun SPARCstation 20, aina iliyoingia sokoni mwaka 1994, na bado inakoroma na Solaris, mfumo wake wa uendeshaji, tumboni. Wanachama walikuwa wanadai malimbikizo ya miaka ya nyuma, na hesabu za miaka hiyo hazikuwa kwenye diski. Zilikuwa kwenye tepu za DDS-2, zile ndogo zenye utepe wa milimita 4 na urefu wa mita 120, zinazobeba GB 4 kila moja, zimefungiwa kwenye kasha la chuma pamoja na mihuri na chupa ya gundi iliyokauka. Draivu ya nje ya kuzisoma ilikutwa stoo chini ya magunia matupu.

Kwa maneno, kazi ni fupi. Unazima mashine, maana skazi (SCSI, njia ya kebo inayounganisha seva na diski na draivu zake) ya zamani haipendi kuchomekwa ikiwa na umeme. Unaipa draivu namba yake kwenye njia hiyo: 7 ni ya seva yenyewe, 3 ni ya diski ya mfumo, 6 ni ya CD, kwa hiyo tepu hupewa 4 au 5. Unachomeka kebo, unawasha draivu, halafu seva. Seva ikikuandikia ok kabla Solaris haijaamka, unaandika probe-scsi, amri ya kuuliza nani yupo kwenye kebo; ukishaiona tepu, unaiwasha Solaris kwa boot -r ili iitengenezee tepu jina la kuitwa, /dev/rmt/0. Chai inakukuta umemaliza.

Chai ilinikuta nimepiga magoti nyuma ya meza. Probe-scsi ilikuwa imeonyesha tepu. Niliporudia, haikuionyesha. Niliporudia tena, ikaonyesha kitu chenye jina la herufi ambazo hata mganga asingezitamka, na diski ya mfumo nayo ikaanza kusuasua.

"Ni baridi hiyo," alisema Meneja. "Hata gari langu asubuhi haliwaki."

"Yule fundi wa zamani alikuwa anaipiga hapa ubavuni," alisema tarishi, akanionyesha mahali penyewe.

Mama Chai alisema mashine iliyolala stoo miaka yote hiyo haiamshwi hivihivi bila kuambiwa neno.

Ubaya wenyewe ulikuwa unaonekana kwa macho. Nyuma ya draivu kuna matundu mawili: moja la kebo, na la pili la terminata. La pili lilikuwa wazi. Terminata ni kidude cha kuzidi kiberiti kidogo, ndani hasa ni rezista, hakisogei wala hakilii, ila kazi yake ni kumeza ishara zikifika mwisho wa kebo. Kisipokuwepo, ishara inagonga mwisho na kurudi, kama yowe la mtu anayeita ng'ambo ya korongo, na seva inasikia kila neno mara mbili. Na kwa kuwa kwenye mashine ile diski ya ndani na draivu ya nje zimo kwenye njia moja, makelele ya tepu yanaifikia mpaka diski ya mfumo.

Nikamuuliza mtunza stoo, mzee wa heshima zake, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo mzee. Draivu hii haikuwa na kizibo chake nyuma?"

"Marahaba. Kwenye leja hakuna kizibo."

"Kinaitwa terminata."

Akafungua leja, akapitisha kidole ukurasa mzima, akalamba kidole, akapitisha ukurasa wa pili. "Hakuna kitu cha jina hilo, kijana wangu." Na kweli hakikuwepo. Mzee yule hasemi uongo.

Nikapiga simu kwa mafundi wa Kabwe, wakacheka. Mwanjelwa kuna kila kitu, lakini terminata ya skazi ya pini 50 hakuna. Kuagiza Dar maana yake ni kusubiri basi, na wakulima walikuwa wameshajaa kwenye benchi nje wakiuliza kama majina yao yametoka.

Mama Chai akaniongezea kikombe. Chai yake ni ya tangawizi, na vikombe vyake si vya mzaha. Haukupita muda nikaenda kwa mtunza stoo kuomba ufunguo wa choo.

Ufunguo wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye kitu kizito, ili mtu asiusahau mfukoni akaondoka nao mpaka Tukuyu. Nilikuwa nimeshautumia tangu nianze kazi pale, bila kuutazama. Siku hiyo, nikiwa nimekaa na sina la kufanya, nikautazama. Plastiki ya rangi ya maziwa iliyogeuka njano. Juu yake mtu ameandika CHOO kwa rangi ya kucha nyekundu. Upande wa chini safu mbili za pini, kati ya pini na pini sabuni imekauka. Waya wa kufungia nondo umepitishwa kwenye matundu ya klipu, ukasokotwa kwa koleo mpaka mwisho.

Nilitoka mbio mkanda haujafungwa.

"Mzee! Terminata hii hapa!"

"Hicho ni kishikizo cha ufunguo wa choo," alisema mtunza stoo, na leja ikamuunga mkono: ukurasa wa vifaa vya usafi, mstari wa chini ya fagio. Nikaomba koleo nikate waya. Akakataa. Mali ya choo haiwezi kuhamishwa bila idhini ya maandishi, na Meneja alikuwa ametoka kwenda benki. Tukabishana, tukafika mapatano: nitumie kishikizo, lakini ufunguo ubaki umening'inia palepale, na mwenye haja aje auchukue.

Nikasafisha pini kwa mswaki na spiriti, nikachomeka. Klipu za pembeni hazikufunga, maana waya ulikuwa umekaa mahali pake, lakini kitaa kidogo cha kijani kikawaka. Probe-scsi ikaiona tepu. Nikarudia, ikaiona palepale, jina lake kamili. Boot -r. Tepu ikaingia, nikaandika tar xvf /dev/rmt/0, amri ya kutoa mafaili kwenye tepu, na majina ya mafaili yakaanza kupanda kwenye skrini, msimu baada ya msimu. Mama Chai akapiga kigelegele.

Mhasibu, jana yake, alikuwa amekula kande na maziwa mgando kwenye shughuli ya shemeji yake. Niliyajua hayo baadaye. Wakati ule nilichokiona ni mtu mzima anaingia kwa hatua fupifupi, anasema "Samahani fundi, samahani sana," anapitisha mkono nyuma ya draivu, anatoka.

Mafaili yakasimama. Skrini ikaanza kulalamika kwamba skazi imeshindwa, inajaribu tena, imeshindwa, inajaribu tena. Kisha ikanyamaza kabisa, hata kibodi ikagoma.

Nikakimbilia chooni, nikagonga.

"Kuna mtu!"

"Najua kuna mtu, mhasibu. Naomba kizibo tu. Kipitishe chini ya mlango."

"Kimefungwa na ufunguo."

"Basi pitisha na ufunguo."

"Ufunguo uko kwenye kitasa, fundi, na mimi bado!"

Nyuma yangu foleni ilikuwa imeshaundika: tarishi, wakulima wawili, na mtunza stoo na leja yake. Mkulima mmoja akaniambia nimwache baba wa watu, haki za chooni ni haki.

Meneja aliporudi benki akakuta seva imezimwa, mhasibu amejiinamia, na mimi naendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mafaili, kwenye diski huku nikijibu y kila inaponiuliza. Hakuuliza sana. Akasaini idhini. Koleo likakata waya, klipu zikafunga kwa mlio, na tepu ikasomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, faili kwa faili. Nikaanza kumtolea mhasibu orodha ya majina.

Mtunza stoo alikuwa bado ameinamia leja yake. Nilichungulia begani kwake. Alikuwa ameandika, kwa hati nzuri ya zamani: "Kishikizo 1, kimetoka chooni, kimehamishiwa seva. Hali: kinafanya kazi kotekote." Akageuza leja, akanipa kalamu nisaini.