Mkono wa Kulia Uko Vitani

Shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Uingereza aliniletea boksi la Spitfire, ile ndege ya kivita iliyopambana na Wajerumani angani kusini mwa Uingereza mwaka 1940. Ya plastiki, ya kuunga mwenyewe, kipimo cha 1 kwa 72. Kwenye boksi wameandika inafaa kuanzia miaka 8. Mimi nina 43, nikajiona nimevuka mtihani.

Ndege yenyewe ina mita 11 na ushei kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili. Yangu haikufika sentimita 16. Na utamu wa Spitfire ni hayo mabawa: mbunifu wake, R. J. Mitchell, na wenzake waliyapa umbo la duaradufu, membamba, hayana kona. Haya nilimweleza mke wangu mara tatu. Mara zote tatu alikuwa anachambua mchele.

Maelekezo yalitaka gundi maalumu ya plastiki. Tanga hii nitaipata wapi? Nikachukua supaglu, ile ya mafundi viatu. Usiku nikabandika kioo cha rubani, nikaifunika ndege kwa bakuli isiingie vumbi. Kumbe mvuke wa supaglu ukifungiwa hutua kwenye plastiki na kuacha utando mweupe. Kulipokucha, kioo kina mtoto wa jicho.

Basi, rubani atarusha kwa kupapasa. Nikaingia kwenye bawa la kushoto. Nikalibana kwa gumba na kidole cha shahada, nikahesabu hadi 60, nikaachia. Mimi nimeachia, lenyewe halijaniachia.

"Hodi!"

Mama mkwe. Hakupiga simu kwamba anakuja, na kwa nini apige, kwa mwanawe?

"Shikamoo mama," nikasema, mkono mgongoni kama mwizi wa maandazi.

"Marahaba baba." Akanyoosha mkono. Ukabaki hewani. Wa kulia wangu uko vitani, na wa kushoto humpi mkweo labda uwe umeshaamua kuachika. Nikautoa huo huo wa kulia, na Spitfire yake.

Akaitazama. Akashika kidole changu kimoja kilichokuwa huru, akakitikisa kwa adabu zote. Kisha akamgeukia binti yake: "Mwenzio anafuga panzi?"

Mke wangu, alipomaliza kucheka (haikuwa leo), akaleta dawa ya kutolea rangi ya kucha. Inayeyusha supaglu vizuri sana. Inayeyusha na plastiki. Vidole vikatoka salama. Bawa la Mitchell likalegea, likajikunja kama chapati iliyosahaulika juani.

Ndege sasa iko juu ya friji, imeegemea kopo la chumvi. Mama mkwe akipiga simu, tukimaliza salamu za watoto na za majirani, huuliza: "Na panzi je?"

"Hajambo mama," mke wangu humjibu, "ila macho bado."