Miche kwanza au kipimo kwanza?

Ukivuka kwa mashua kutoka mji wa Lamu kwenda Maweni, kisiwani Manda, unafika penye matimbo: mashimo ya jiwe la matumbawe lililokwishajenga nyumba za watu. Yakiachwa, huzuka mabishano. Wapo wasemao tupande miti sasa, masika hayangoji mtu. Wapo wasemao tupime kwanza kilichobaki shimoni. Hawa wa pili huitwa wacheleweshaji, na kwa maoni yangu wanaonewa.

Kilichobaki mle si udongo. Chukua gao la vumbi la timbo ulikamulie ndimu: litachemka povu. Ni chokaa hiyo. Ikizidi, hufunga madini ya chuma na fosfori, mche ukasimama na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, hata ukiutilia samadi. Na shimo likikaribia maji ya chini, huku visiwani, chumvi nayo haiko mbali.

Wapandaji nao wana lao. Maabara iko mbali na ina gharama, na shimo tupu halijifuniki lenyewe. Humtaja René Haller, aliyeanza mwaka 1971 kuotesha miti kwenye timbo la kiwanda cha saruji Bamburi, Mombasa, hata pakawa msitu. Haya, lakini huiruka hesabu moja: alijaribu aina 26, zikasimama tatu tu, mvinje mmojawapo. Aina 23 zilikufa! Hesabu hiyo hainitoki kichwani. Kama si kipimo, ni nini? Tena mvinje wenyewe, unaojipatia nitrojeni ya hewani kwa vijidudu vya mizizini, uliangusha majani yakalala bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna. Anayenunua miche 1,000 ya aina moja kwa siku ya picha hajamfuata Haller.

Basi kupima si lazima kuanze na maabara. Tia konzi ya vumbi kwenye chupa ya maji, tikisa, iache ilale. Asubuhi, ukiona mchanga na changarawe tu chini, bila utando wa tope juu yake, shimo hilo halitashika maji ya mvua. Jingine la kukagua ni udongo wa juu, siku timbo linapofunguliwa, ungali mkononi. Ukishachanganywa na kifusi, hakuna wa kuuchambua.