Kilimo cha Wakara: tukisifu, tuulize pia nani anabeba samadi

Inapotajwa ardhi iliyochoka ya Kanda ya Ziwa, hakosekani mtu wa kusema tuige Ukara. Kisiwa hicho cha kaskazini mwa Ukerewe, ambacho wengi walilijua jina lake kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018, kina takribani kilomita za mraba 80 za udongo wa kichanga. Tangu enzi za mkoloni kimebeba watu zaidi ya 200 kwa kilomita ya mraba. Ardhi ya namna hiyo ilitakiwa iwe imekufa zamani, na haijafa.

Mambo yanaanzia ndani ya nyumba. Kwa desturi Mkara hamfungi ng'ombe bomani. Humweka kwenye shimo lililochimbwa sakafuni, chini ya paa lilelile analolalia yeye, akamletea majani ya kandokando ya ziwa na ya miti ya malisho, ambayo nayo kila mmoja una mwenyewe. Makombo ya majani, kinyesi na mkojo vinakanyagwa pamoja, shimo linajaa polepole, kisha samadi inazolewa kwenda shambani. Boma letu la Kisukuma halina paa: mkojo unapotelea ardhini, mvua inaosha, jua linamalizia. Huko shambani, katikati ya uwele, Wakara hupanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, na baadaye kuyafukia yarutubishe udongo.

Kwa hiyo wanaousifu mfumo huu hawabahatishi. Ruzuku ya mbolea iliyorudishwa mwaka 2022 imempunguzia mkulima makali ya bei, sawa, lakini mbolea ya dukani haiongezi mboji kwenye mchanga.

Kinachonikera ni jinsi wanavyoiruka kazi yenyewe. Majani yakatwe kila siku, masika na kiangazi. Maji yaletwe. Samadi ibebwe kichwani mpaka shamba la mbali, na anayebeba mara nyingi ni mama au mtoto, halipwi. Wakara wenyewe walishatoa hukumu: waliohamia bara, Sengerema na Geita, wakati ardhi ikiwa tele, wengi hawakuendelea na mashimo wala marejea. Walilima eneo kubwa kwa jasho dogo. Hata kisiwani, muhogo ulipata nafasi kwa sababu hausumbui. Kuna wanaouita huo uvivu (nadhani hawajawahi kubeba kapu la samadi mbichi). Mimi naiona ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu.

Ila hesabu hiyo ilipigwa bara ikiwa na nafasi. Leo shamba la babu linagawiwa wajukuu hadi linabaki vipande, na malisho yamegeuka mashamba. Bara inaanza kufanana na Ukara, na hapo hoja ya wanaosifu inapata nguvu mpya. Tofauti ni kwamba kijana wa sasa ana dagaa, ana bodaboda, ana machimbo ya Geita. Jasho lake lina bei, na shimo la ng'ombe halifiki bei hiyo.

Ningekuwa mshauri wa halmashauri yoyote ya huku, nisingeanza na shimo. Ningeanza na paa juu ya boma lililopo, matandiko ya mabua ya mahindi yanyonye mkojo, mkokoteni wa kukodi kwa zamu kijijini, na mbegu za marejea zigawiwe pamoja na mbegu za mahindi. Shimo wachimbe watakaolitaka wenyewe.