Hiyo D Si Diski ya Pili

Mpelekee fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli, Nairobi, laptop iliyoanza kuwa nzito, na mara nyingi jibu litakuwa moja: tuipige Windows upya, yaani tuifute na kuiweka tena. Atakuuliza kama una vitu vya maana humo. Utataja picha za familia na kazi za chuo, naye atakutuliza: "Usijali, navihamishia D." Kauli hiyo ndiyo ninayoipinga hapa. Imewapotezea watu vitu visivyorudi, na wanaoitoa hawana nia mbaya hata kidogo.

Laptop nyingi zina diski moja tu ndani yake. C na D unazoziona ni diski hiyohiyo iliyowekewa mipaka, na kila kipande huitwa patisheni. Mipaka yenyewe ni maandishi mafupi yanayokaa mwanzoni mwa diski. Katika mtindo wa zamani uitwao MBR, ulioanza na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali zima la mipaka lina baiti 64, linabeba patisheni kuu 4, na kwa diski za kawaida linaishia kwenye terabaiti 2 hivi. Mtindo wa sasa, GPT, unakubali hadi patisheni 128 kwenye Windows, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski. Herufi ni majina ambayo Windows imevipa vipande hivyo. A na B zilikuwa za disketi, ndiyo maana diski ya ndani ikaanzia C.

Ni kiwanja kimoja kilichogawanywa kwa kamba, na mafuriko yakija hayaulizi kamba imepita wapi. Laptop ikianguka, umeme ukiunguza diski, mwizi akibeba begi, C na D huenda pamoja. Hata virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha hupita kwenye kila herufi vinayoikuta. D inakukinga na jambo moja tu, nalo ni kufomatiwa kwa C, yaani kuandaliwa upya kana kwamba ni tupu. Kinga hiyo nayo inategemea mkono wa fundi usiteleze.

Na mkono huteleza kwa urahisi. Ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua mahali pa kuweka Windows, mara nyingi huoni C wala D. Unaona Drive 0 Partition 1, Partition 2, Partition 3, na ukubwa wa kila moja. Katikati yake mna vipande vidogo ambavyo hukuwahi kuviona: kimoja cha megabaiti 100 hivi chenye mafaili ya kuiwashia mashine, kingine cha kuiokoa Windows inapogoma. Sasa chukua diski ya gigabaiti 500, ambayo Windows huionyesha kama 465 kwa sababu inahesabu kwa 1024 badala ya 1000. Fundi aliigawa nusu kwa nusu, kama wengi wanavyopenda. Mbele yako kuna patisheni mbili za gigabaiti 232 kila moja. Ipi ina Windows mbovu, na ipi ina picha za harusi ya dada yako? Kama hakuna aliyezipa majina, anayebofya anabahatisha.

Kuna mtego mwingine, na siku hizi unanasa wengi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo watu wanahamia Windows 11. Mashine iliyowekwa katika mfumo mpya wa kuwasha, yaani UEFI, ikikuta diski ya MBR, inakataa kupokea Windows na kusema diski hii haifai. Njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia ni kufuta patisheni zote na kuanza upya. Kwa hatua hiyo D imekwenda, pamoja na kila kilichohamishiwa humo. Wala haikuwa lazima: tangu mwaka 2017 Windows ina kifaa chake kiitwacho MBR2GPT, kinachobadili mtindo wa diski ya mfumo bila kufuta mafaili, ingawa hata hapo ningetaka nakala iwe nje kwanza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayeanza kutumia kompyuta asigawe diski. Aiache C moja, kubwa. Najua mafundi wengi hawatakubali. Hoja yao ni kwamba D hurahisisha kazi Windows inapopigwa upya, na ni kweli, inarahisisha. Lakini aliye na nakala nje ya mashine hahitaji urahisi huo, na asiye na nakala anaaminishwa kuwa yuko salama wakati hayuko.

Tena mgawanyo wenyewe mara nyingi ndio chanzo cha ule uzito. SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, ya gigabaiti 256 inaonekana kama 238. Fundi anaipa C 80, zinazobaki anaziweka D. Windows 11 peke yake inataka diski isiyopungua gigabaiti 64, na vitu unavyopakua, vinavyokaa kwenye desktopu, na takriban kila programu unayoweka, vyote huenda C bila kukuuliza. Baada ya muda C imejaa hadi rangi nyekundu na D iko tupu. Mashine inakuwa nzito, unarudi kwa fundi, naye anapiga Windows tena. Kuiongeza C nako si rahisi, maana programu ya kusimamia diski iliyomo ndani ya Windows hupanua patisheni kwa nafasi iliyo wazi upande wake wa kulia tu. D imekaa palepale, na programu hiyo haiwezi kuisogeza. Itabidi uhamishe vilivyomo nje, uifute, ndipo uipanue C. Fedha ambazo ungempa fundi kwa kazi hiyo anzia nazo kununua diski ya nje, au flashi kwa kazi za chuo. Google nayo inatoa gigabaiti 15 bila malipo.

Na kufomati ni nini hasa? Fomati ya haraka, ambayo ndiyo inayotumika karibu kila siku, haipiti juu ya mafaili yako. Inaandika orodha mpya iliyo tupu, na yaliyokuwemo yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo patisheni ikifomatiwa kimakosa, izime mashine. Usiweke Windows, usipakue chochote kwenye diski hiyo. Ichomoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, ujaribu PhotoRec au TestDisk, programu za bure za kuokoa data iliyopotea. Kwa SSD matumaini ni madogo, kwa sababu Windows huiarifu SSD kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena, nayo huanza kuisafisha yenyewe. Fomati kamili ni jambo lingine: tangu Windows Vista, inaandika sifuri kwenye patisheni nzima, na hapo hakuna cha kuokoa.

Anayeuza mashine yake ndiye anayepaswa kulielewa hili kuliko wote. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Zilizosomeka zilikuwa 129, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, rekodi za matibabu na barua pepe za watu, na baadhi ya diski hizo wenyewe walikuwa wamezifomati. Laptop zinazouzwa mitaani kwetu zina picha za vitambulisho, vyeti vya shule na mikataba ya nyumba.

Ukitaka kuuza, hamisha vitu vyako nje kwanza, kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows uchague kurejesha kompyuta hii, na uagize iondoe kila kitu. Usibofye endelea haraka. Fungua sehemu ya kubadili mipangilio uwashe mambo mawili: kusafisha data, na kufuta mafaili kwenye diski zote. Hilo la pili kwa kawaida huwa limezimwa. Ukiliacha hivyo, C itasafishwa, na D itakwenda kwa mnunuzi na kila kitu chako ndani yake.