Nani amefuta kioo cha darubini yangu ya kutazamia nyota tena?

Vumbi la hapa Goma si vumbi la kawaida. Ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu ya pikipiki na chukudu, zile skuta zetu za mbao za kubebea mizigo. Tangu Nyiragongo iliposhusha moto mjini mwaka 2002 tunalikanyaga, tunalipumua, tunalila. Sasa shemeji anakuja kutusalimia, anakuta kioo cha darubini yangu kina vumbi, anachomoa kitambaa mfukoni, anatema mate kidogo, anasugua. Eti ananisaidia! Nilipomulika na tochi nikaona mikwaruzo imezunguka kama utando wa buibui.

Shemeji, hicho si kioo cha kunyolea ndevu. Aluminiamu imepakwa juu ya kioo, si nyuma, na unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Vumbi kidogo halina neno, sayari ya Mshtarii (Jupita) na miezi yake minne mikubwa utaiona tu. Likizidi napuliza kwa ile pampu ya mpira ya kuvutia kamasi za watoto, kisha naosha kwa maji na tone la sabuni, bila kusugua.

Bomba la darubini nimelitengeneza mwenyewe kwa tiyo (paipu) ya plastiki, kazi ya miezi mitatu. Kifuniko chake je? Mama watoto anafunikia sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.